Nimesanidua programu mara tatu, jina la duka la mwenyewe wa zamani bado linarudi

1. MamaAgroveti, Njoro. Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Naomba mnieleze kwa lugha ya mtu wa duka, si ya fundi.

Mwezi jana nilinunua laptopu pamoja na printa ndogo ya risiti kwa mzee mmoja aliyefunga duka lake la spea Nakuru mjini. Ndani yake mlikuwa na programu ya mauzo: unaandika bidhaa na bei, inatoa risiti, inaweka na madeni. Jina la programu naliacha. Nikaona itanifaa kwa agroveti yangu, ila nianze na ukurasa mweupe. Basi nikaisanidua, nikaisakinisha upya kutoka kwenye flashi.

Kuifungua tu, jina la duka la spea hilo hapo juu. Kiwango cha kodi ni kile alichoweka yeye. Orodha ya wanaodaiwa ipo yote, watu 43, kila mmoja na namba ya simu na kiasi chake.

Nimesanidua mara tatu sasa. Mara ya tatu nilifuta hata folda yake ndani ya Program Files. Nikisakinisha, hawa tena. Na baadhi yao nawajua, tunapanda matatu moja asubuhi. Sitaki kujua mtu anadaiwa nini. Kitu kikishaondolewa kwenye kompyuta, kinabaki wapi?

2. FundiKondele, Kisumu. Jumatatu, saa 3:31 usiku

Pole mama. Hiyo ni Rejista ya Windows, hakuna kingine. Program Files ni jengo tu. Mipangilio inaandikwa kwenye daftari kubwa la mfumo ambalo lilikuja na Windows 95, na ukibomoa jengo daftari halichomeki.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, ukubali. Upande wa kushoto fungua HKEY_CURRENT_USER, yaani sehemu ya mtumiaji, halafu Software, utafute jina la programu au la kampuni iliyoitengeneza. Kisha fanya hivyo hivyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, sehemu ya kompyuta nzima. Ukilipata, kabla ya kugusa chochote bofya kulia, uchague kuhamisha nakala kwenye faili. Ukikosea, utabofya faili ile na kila kitu kirudi kama kilivyokuwa.

3. KijanaKaptembwo, Nakuru. Jumatatu, saa 3:40 usiku

Mama, usijisumbue na regedit. Pakua programu ya kusafisha kompyuta, bonyeza mara moja, inafagia mabaki yote ya Rejista. Mimi nazifanyia hivyo mashine zote za saiba.

4. MwalimuLurambi, Kakamega. Jumatatu, saa 4:05 usiku

Hamjambo. FundiKondele, sahihisho dogo kwanza: Rejista ilikuwepo tangu Windows 3.1 mwaka 1992, ila ilikuwa ndogo na kazi yake chache. Windows 95 ndiyo iliyoifanya ghala kuu, ikachukua nafasi ya yale mafaili ya mipangilio ya .ini tuliyokuwa tukiyahariri kwa mkono.

La pili ni kwamba Rejista haifai kubeba orodha ya watu 43 na madeni yao. Mle huwekwa vitu vifupi: lugha, rangi, mahali dirisha lilipofungukia, njia ya kufikia faili. Orodha ni data, na data hukaa kwenye faili. Mama, tafuta AppData. Ni folda iliyofichwa ndani ya folda yako ya mtumiaji, ndiyo maana hukuiona. Bonyeza Windows na R, andika %appdata%, ukubali. Itakufungulia Roaming; rudi nyuma folda moja uione AppData yenyewe. Ina sehemu mbili, Local na Roaming. Angalia zote.

Nieleze kwa nini inabaki. Programu inaposakinishwa huandika orodha ya kila ilichoweka. Inaposaniduliwa huisoma orodha hiyo na kuondoa kilichomo. Mipangilio yako haimo, kwa sababu ilizaliwa baadaye, wakati wewe unaitumia. Kisha watengenezaji wengi huiacha kwa kusudi: watu wengi wanaosanidua wanataka toleo jipya, na mtu huyo akikuta kazi yake ya miaka imefutwa atalia.

5. FundiKondele, Kisumu. Jumatatu, saa 4:18 usiku

Mwalimu, asante kwa hiyo ya 1992. Na mimi nikusahihishe: AppData ina sehemu tatu, umeisahau LocalLow.

Kijana wa Kaptembwo, omera, usimpeleke mama huko. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono programu za kusafisha Rejista. Na mwaka 2017 CCleaner, ambayo kila fundi alikuwa nayo kwenye flashi, toleo lake la 5.33 lilipenyezwa programu hasidi kabla halijawafikia watu. Watu walipakua kitu halali, mahali halali, wakapata sumu. Hata ikiwa safi, inakisia tu kipi ni takataka. Hapa kuna madeni ya watu 43, hapahitaji kukisia.

6. KijanaKaptembwo, Nakuru. Jumatatu, saa 4:22 usiku

Sawa mkuu, nimekubali kuhusu kusafisha. Lakini wateja wangu hawajawahi kulalamika.

7. MhasibuMilimani, Nakuru. Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma usiku huu wote nikaogopa. MamaAgroveti, tafadhali usifute kitu chochote leo. Nakili kwanza.

Nimefanya kazi na programu nyingi za mauzo. Nyingi si kitu kimoja, ni viwili. Kuna dirisha unaloliona, na kuna injini ya hifadhidata iliyosakinishwa pembeni kama programu inayojitegemea. Ukisanidua dirisha, injini inabaki inafanya kazi kimyakimya pamoja na vitabu vyake vyote. Ukisakinisha dirisha upya, linabisha hodi, injini inalikaribisha, na duka la spea linafunguliwa tena. AppData haihusiki.

Na kuna la sheria. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, mfanyabiashara anatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Yule mzee amefunga duka, lakini KRA, mamlaka ya kodi, ikimuuliza kuhusu mwaka juzi, majibu yake yamo ndani ya laptopu yako. Pengine hata hana nakala nyingine.

8. MamaAgroveti, Njoro. Jumanne, saa 2:45 asubuhi

Asanteni. Mhasibu, hilo la mzee sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa naona uchafu wa mtu kwenye nyumba yangu, kumbe ni mali yake.

Nimefungua regedit, jina la programu lipo mahali pote pawili. Nimefungua AppData, lipo ndani ya Roaming, na folda ina mafaili matano madogo. Kubwa kuliko yote halifiki hata kilobaiti 40. Sijafuta kitu. Naenda dukani, nitarudi jioni.

9. ViaziMolo, Molo. Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Huku kwetu haya tunayaita maotea. Unavuna shamba lote, unapekua kila mstari, unapanda mahindi. Mvua ikinyesha viazi vinachomoza katikati ya mahindi, mbegu ileile ya msimu uliopita na ugonjwa wake uleule. Hukuvipanda. Ulivisahau chini.

Laptopu sina, lakini uzi huu nimeuelewa vizuri.

10. TuxBungoma, Bungoma. Jumanne, saa 7:15 mchana

Mulembe. ViaziMolo umenena, nitalitumia hilo neno.

Nilidhani sisi tunaotumia Linux badala ya Windows tuko salama. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nilikuwa na programu ya video iliyofunguka bila sauti. Nikapiga amri ya kusanidua, apt remove, nikaiweka tena, bado bubu. Rafiki akaniambia apt remove huacha mafaili ya mipangilio yaliyo ndani ya /etc, nitumie apt purge. Nikaitumia kwa furaha. Bado bubu. Kumbe hata purge haigusi folda ya nyumbani kwako. Mipangilio yangu ilikuwa ndani ya .config, folda inayoanza na nukta na kwa hiyo haionekani. Nilibadili jina la folda moja, sauti ikarudi kama maji ya Webuye.

Kwa hiyo hata sisi tuna maghala mawili, la mfumo na la mtu. Mama, ghala la mtu ulishalipata. La mfumo bado.

11. PichaDunga, Kisumu. Jumanne, saa 7:40 mchana

Na sisi wa Mac tusiachwe nje. Watu hudhani kuburuta programu hadi kwenye pipa la taka kumemaliza. Mafaili yake yanabaki ndani ya Library, kwenye Application Support na Preferences, na Library ya mtumiaji imefichwa tangu mwaka 2011 toleo la Lion lilipotoka. Nilisanidua programu ya kuhariri picha kabla ya harusi moja huko Ahero nikitaka kuirudisha ilivyokuwa siku ya kwanza. Ikarudi na ile rangi ya manjano niliyokuwa nikiikimbia. Bibi harusi alikuwa ameshavaa.

12. KijanaKaptembwo, Nakuru. Jumanne, saa 7:52 mchana

@PichaDunga picha zilitoka rangi gani sasa?

13. PichaDunga, Kisumu. Jumanne, saa 8:03 mchana

Nilizihariri kwa laptopu ya ndugu yangu. Zilitoka vizuri, walifurahi. Turudi kwa mama.

14. MwalimuLurambi, Kakamega. Jumanne, saa 10:30 jioni

Nikubali sahihisho la LocalLow, nilipitiwa.

Ninyi mnaodharau AppData, sikilizeni kisa cha maabara yetu ya tarakilishi. Mwanafunzi alifuta pau zote za zana kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia, ukurasa ukabaki mtupu. Mwenzangu aliisanidua, akaisakinisha, ikafunguka tupu vilevile. Alirudia hadi kengele ya chakula. Mimi nilifunga programu, nikaenda %appdata%, nikafungua LibreOffice, ndani yake folda iitwayo 4, ndani yake folda iitwayo user. Nikaipa jina lingine, user_zamani. Nikafungua programu: pau zote zipo. Haikuchukua hata dakika moja. LibreOffice ikikosa folda hiyo inajitengenezea mpya.

Neno la msingi hapa ni kubadili jina. Usifute. Ukigundua umekosea, unarudisha jina lake la kwanza na hakuna kilichopotea.

Mama akiwa na dakika tano, kuna kipimo kisichovunja kitu: atengeneze akaunti mpya ya mtumiaji ndani ya Windows, aingie, afungue programu. Akaunti mpya huja na AppData yake na HKEY_CURRENT_USER yake, maana sehemu hiyo ya Rejista inahifadhiwa kwenye faili la NTUSER.DAT ndani ya folda ya kila mtumiaji. Jina likitoweka, ugonjwa ulikuwa upande wa mtumiaji. Likibaki, uko upande wa mfumo.

15. SalamaBusia, Busia. Jumanne, saa 12:20 jioni

Niongeze la simu. Nilifuta programu ya kuhesabu mauzo kwenye simu ya Android, nikaiweka tena wiki mbili baadaye, nikakuta mipangilio yote imenisubiri. Niliogopa. Binti yangu alinieleza kwamba Android hufuta kabisa folda ya ndani ya programu unapoisanidua, lakini tangu Android 6 mwaka 2015 kuna nakala inayowekwa kwenye akaunti yako ya Google, hadi megabaiti 25 kwa kila programu. Ukiisakinisha tena, nakala inashuka. Simu ilikuwa safi, mawingu ndiyo yaliyokumbuka.

Je, mama, hiyo laptopu imeunganishwa na akaunti ya yule mzee mahali popote?

16. FundiKondele, Kisumu. Jumanne, saa 12:41 jioni

Swali zuri sana dada Salama. Kwenye vivinjari huwa hivyohivyo. Mtu anasanidua Chrome, anaweka alama ya kufuta na data ya kuvinjari, anaisakinisha, anaingia na akaunti yake, na kila kitu kinashuka tena kutoka kwenye seva. Halafu ananiletea mashine akisema ina pepo.

Mwalimu, kipimo chako ni kizuri. Ila kuna kona moja mnaisahau: VirtualStore, ndani ya AppData, Local. Tangu Windows Vista, programu ya kizamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa, Windows haiikatalii. Inalihamisha andiko hilo kimyakimya hadi VirtualStore ya mtumiaji, na programu inaamini imeandika palepale. Mama alifuta folda ya Program Files akaona amemaliza. Nakala yenye kazi ilikuwa upande wa pili.

17. MamaAgroveti, Njoro. Jumanne, saa 4:10 usiku

Nimerudi. Nimefanya kipimo cha Mwalimu. Nimetengeneza akaunti mpya, nimefungua programu.

Jina la duka juu ya dirisha limetoweka! Pameandikwa tu jina la programu.

Lakini madeni yapo. Wote 43. Na nilipochapisha risiti ya majaribio, mfuko mmoja wa mbolea, risiti ilitoka na picha ya gurudumu na jina la duka la spea juu yake.

VirtualStore nimeangalia, haina kitu. Akaunti ya mzee sijaiona popote, na intaneti huku naiwasha kwa simu tu, leo sikuwasha. Sasa sielewi zaidi kuliko jana.

18. MwalimuLurambi, Kakamega. Jumanne, saa 4:15 usiku

Jina lilikuwa ndani ya AppData. Nilisema.

19. MhasibuMilimani, Nakuru. Jumanne, saa 4:17 usiku

Na madeni yako kwenye injini ya hifadhidata. Nami nilisema.

20. FundiKondele, Kisumu. Jumanne, saa 4:26 usiku

Jina liliweza kutoka HKEY_CURRENT_USER pia, Mwalimu, maana akaunti mpya inabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Kipimo chako hakitenganishi. Usishangilie bao kabla mwamuzi hajaashiria.

Na Mhasibu, kabla ya injini kuna ProgramData. Ni folda nyingine iliyofichwa, iko moja kwa moja ndani ya C, na watumiaji wote wanaitumia kwa pamoja. Akaunti mpya haibadilishi kitu mle. Mama, folda ya programu iliyomo mle inakili kwenye flashi, kisha uibadilishe jina.

21. KibuyePrinta, Kisumu. Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mimi hutengeneza printa pale Kibuye, na nimeona mtu mmoja tu hajashtakiwa hapa: printa yenyewe.

Printa nyingi za karatasi ya joto zina kumbukumbu yao ya ndani isiyofutika umeme ukikatika. Nembo ya duka hupakiwa mle mara moja, halafu programu inatuma amri fupi tu: chapa picha namba moja. Laptopu unaweza kuizika. Ukiunganisha printa ile kwa kompyuta nyingine inayotuma amri ile ile, gurudumu litatoka. Nimeshaletewa printa ya hoteli iliyokuwa ikichapa samaki juu ya risiti za duka la dawa.

Zima printa, shikilia kitufe cha kusukuma karatasi, iwashe ukiwa umekishikilia. Nyingi hutoa ukurasa wa kujipima. Tuambie kilichomo.

22. JogooSiaya, Siaya. Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Samaki juu ya risiti ya dawa, hiyo ni Kisumu tu. Angekuwa ngege ningenunua dawa hapo kila siku.

Mama, pole kwa kukatiza. Mimi naona mpige tu Windows upya, mfute diski yote. Kesi imeisha.

23. MhasibuMilimani, Nakuru. Jumatano, saa 2:05 asubuhi

JogooSiaya, nisome tena namba 7. Ukifuta diski, na kumbukumbu za mzee umezifuta.

Na watu hujidanganya kwa hiyo kupiga Windows upya. Ukiisakinisha juu ya ile ya zamani bila kusafisha diski, ya zamani huhamishiwa ndani ya folda iitwayo Windows.old, na folda za watumiaji zimo. Kwa kawaida mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10, lakini kwa siku hizo kila deni lipo, na mtu yeyote anayejua kufungua folda anaweza kulisoma. Nimeliona kwenye laptopu iliyouzwa kwa mnada.

Hili linaniuma kuliko la programu. Watu 43 walimwamini mwenye duka mmoja. Hawakumwamini anayenunua laptopu yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inampa mtu haki ya kutaka habari zake zirekebishwe au zifutwe.

24. JogooSiaya, Siaya. Jumatano, saa 2:20 asubuhi

Hiyo sheria si ya makampuni makubwa? Duka la spea linaingiaje?

25. MhasibuMilimani, Nakuru. Jumatano, saa 2:48 asubuhi

Linaingia. Kinachosamehewa wadogo ni kujisajili kwa Kamishna wa Data: mwenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hahitaji kujisajili, isipokuwa kwa biashara za aina fulani. Wajibu wa kutunza habari za watu unabaki. Na sasa habari hizo ziko mikononi mwa mama. Hakuziomba, lakini ziko kwake.

26. ViaziMolo, Molo. Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Niliwahi kukopa tairi na breki kwa duka la spea Nakuru. Mama, kwenye orodha kuna mtu wa Molo?

27. MamaAgroveti, Njoro. Jumatano, saa 7:30 mchana

Baba wa Molo, sitajibu hilo hapa wala kwingine. Nimefunga orodha na siifungui tena.

28. ViaziMolo, Molo. Jumatano, saa 7:44 mchana

Umefanya vizuri. Nimeuliza vibaya.

29. MamaAgroveti, Njoro. Jumatano, saa 3:50 usiku

Taarifa ya leo, na msikasirike nikisema haziafikiani.

Moja, folda ya programu ndani ya ProgramData nimeinakili kwenye flashi nikaipa jina lingine. Programu ilifunguka kwa Kiingereza badala ya Kiswahili, kiwango cha kodi kikarudi sifuri. Madeni? Nilitazama hesabu ya chini tu, bila kufungua majina: 43.

Mbili, ukurasa wa kujipima wa printa umetoka. Una maandishi na namba. Gurudumu halimo.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: jina la duka limerudi juu ya dirisha. Ndani ya akaunti ile ile mpya ambayo jana ilikuwa safi! Nilichofanya kati ya jana na leo ni kusanidua na kusakinisha mara ya nne kutoka kwenye flashi, basi.

30. MhasibuMilimani, Nakuru. Jumatano, saa 4:00 usiku

Injini. Imebaki injini pekee. Programu imeisoma na kulichukua jina kutoka huko.

31. KibuyePrinta, Kisumu. Jumatano, saa 4:06 usiku

Ukurasa wa kujipima haulazimiki kuonyesha nembo. Printa nyingine huonyesha, nyingine hazionyeshi. Sijashindwa bado.

32. KijanaKaptembwo, Nakuru. Jumatano, saa 4:19 usiku

Mama, samahani, nimenyamaza tangu jana nikisoma. Hiyo flashi ya kusakinishia ulipewa na nani?

33. MamaAgroveti, Njoro. Jumatano, saa 4:21 usiku

Na mzee. Ilikuwa kwenye mfuko wa laptopu.

34. KijanaKaptembwo, Nakuru. Jumatano, saa 4:33 usiku

Basi mimi nashuku flashi. Kwenye saiba, ukiwa na mashine kumi, hutaki kuandika mipangilio mara kumi. Unaweka faili la mipangilio pembeni ya kisakinishi, nacho kinalisoma kila kinaposakinisha. Fundi aliyemwekea mzee huenda alifanya hivyo. Jana ulifungua tu programu kwenye akaunti mpya, jina halikuwepo. Leo umesakinisha ukiwa ndani ya akaunti hiyo, jina likaja nawe. Tumetafuta mabaki ndani ya laptopu siku tatu, kumbe unayapanda mwenyewe kila jioni. Fungua flashi uangalie kama kuna faili dogo linaloishia na .ini au .xml.

35. FundiKondele, Kisumu. Jumatano, saa 4:40 usiku

Kijana, nakuvulia kofia. Hilo halikunijia.

Ila halielezi gurudumu, na halielezi madeni, maana madeni huongezeka kila siku na flashi haiandikwi. Bado nasimama kwamba HKEY_LOCAL_MACHINE haijaguswa. Mama, Windows na R, andika services.msc. Itatoka orodha ndefu ya huduma zinazofanya kazi kimyakimya. Tafuta jina lolote lenye SQL, au Firebird, au Postgres, hayo ni majina ya injini za hifadhidata. Likiwepo, Mhasibu ana haki yake.

36. TuxBungoma, Bungoma. Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Inawezekana kila mmoja ana kipande chake. Jina kwenye flashi, kodi kwenye ProgramData, madeni kwenye injini, nembo kwenye printa. Programu moja, maghala manne.

37. MwalimuLurambi, Kakamega. Alhamisi, saa 12:55 asubuhi

TuxBungoma, hilo ni jibu la kutaka kila mtu afurahi. Ndani ya AppData yake ya kwanza kulikuwa na mafaili matano. Hakuna aliyeuliza yameandikwa nini. Mama, yafungue kwa Notepad.

38. MamaAgroveti, Njoro. Ijumaa, saa 2:10 usiku

Jana stima ilipotea Njoro kutwa nzima. Leo nilimpigia mzee, akaja na matatu kutoka mjini, na daftari kubwa la mistari.

Alikaa nyuma ya duka, mimi nikabaki mbele na wateja. Alisoma majina mmoja mmoja, akanakili. Ilimchukua saa moja na nusu. Watu wanne aliwapiga mstari papo hapo, akasema walishalipa ila hakuwahi kuandika. Mmoja alifariki mwaka jana, huyo alimtazama muda mrefu. Nakala ya mafaili yote nimempa kwenye flashi nyingine kwa ajili ya kodi yake. Hakujua kama vilibaki. Fundi wake alikuwa amemwambia kila kitu kimefutwa.

Nimemuuliza gurudumu liliwekwa wapi. Amesema kijana alikuja na laptopu yake, akaichomeka kwenye printa, akamaliza kwa dakika mbili.

Kwenye flashi ya kusakinishia kuna faili moja la .ini. Nimelifungua: jina la duka limo, na namba ya simu ya mzee. Ndani ya AppData pia kuna faili lenye jina hilo hilo. Na kwenye services.msc kuna majina mawili nisiyoyajua, moja lina SQL ndani yake.

39. KibuyePrinta, Kisumu. Ijumaa, saa 2:14 usiku

Laptopu yake, moja kwa moja kwenye printa! Mmesikia.

40. MhasibuMilimani, Nakuru. Ijumaa, saa 2:15 usiku

Nimesikia SQL. Mama, asante kwa kumwita mzee.

41. MwalimuLurambi, Kakamega. Ijumaa, saa 2:20 usiku

Faili la AppData lilinakili la flashi, au la flashi lilinakiliwa kutoka AppData? Angalia tarehe za yote mawili.

42. MamaAgroveti, Njoro. Ijumaa, saa 2:52 usiku

Tarehe zinafanana, dakika kwa dakika. Hiyo injini nitaisimamisha kesho asubuhi kabla sijafungua duka, nikiwa na nakala mkononi. Mzee amenipa ruhusa ya kufuta.